Nimetoboa Bamba Kinyume, Sasa Mama Mkwe Anadhani Haoni

Mpendwa mshauri, Shangazi wetu wa redioni, naomba msaada, na kama umesimama naomba ukae kwanza, na kama umekaa basi weka chai mbali na hii barua, maana wenzangu wawili niliowasimulia, mmoja alipaliwa na mwingine aliniomba nirudie tangu mwanzo. Kabla sijaanza nakuomba jambo moja, usiisome hewani kabla hujanijibu kwenye simu, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, kwa sababu huyu ninayemwandika hapa hakosi kipindi chako hata akiwa na homa, redio yake inakaa juu ya meza ya cherehani, ukikohoa wewe huko, yeye huku anasema pole.

Mimi ni fundi. Usiniulize fundi wa nini, uliza kilichoharibika. Naziba sufuria, nanyoosha milango ya alumini, nachonga funguo, na mwavuli ukivunjika mbavu mimi ndiye daktari wake. Shule niliiacha tukiwa ndiyo kwanza tunaanza kugawanya, kwa hiyo kujumlisha najua, ila kugawana na mtu bado sijafundishwa. Mtaani wananiita Hapohapo, kwa sababu mteja akiuliza kazi yake itakuwa tayari lini mimi nasema hapohapo, na hilo jina Shangazi ndilo lililoniponza.

Nina mchumba, kinyozi, ana mkono mwepesi hata midevu ya mzee mkali inalala yenyewe. Nilikwenda kunyolewa nikampenda, kesho yake nikarudi, keshokutwa nikarudi tena, akanitazama kwenye kioo akasema, "Kaka, nywele zimekwisha, leo ninyoe nini, mawazo?" Basi ndiyo ikawa. Posa ilipokelewa na harusi ni mwezi ujao. Mama yake ni fundi cherehani, amewashonea watu wa mtaa wetu kuanzia nepi mpaka suti, na alishaapa mbele ya ndugu wote kwamba mwanawe hatavaa gauni la harusi lililopita kwenye mkono mwingine.

Sasa hiyo cherehani yake ina mota chini ya meza, na mota inashikwa na bamba la alumini, na bamba likapasuka. Mama akaguna, binti akasema, "Mbona fundi tunaye humu ndani?" Na mimi nimekaa pale na sahani mkononi. Shangazi, mtu akikuita fundi mbele ya mkwe, hata wangeniambia niwatengenezee ndege ningeuliza tu wanataka rangi gani.

"Itachukua muda mwanangu?" mama akauliza.

Unajua nilivyojibu.

Nikapata kipande cha alumini nene kutoka ubavu wa lori lililokatwa, kipande kimoja tu, nikakiosha kwa sabuni kama naogesha mtoto. Hapa sikiliza vizuri maana hapa ndipo nilipojizika. Lile bamba la zamani lina ukingo uliokunjwa upande mmoja, ukililaza juu ya jipya linanyanyuka kama kitanda chenye mguu mfupi, basi mimi kwa akili zangu nikaligeuza, tumbo juu, likalala bapa, nikachora matundu yote manne kwa msumari nikajiambia hee, kumbe kazi ni kichwa. Nikatoboa. Kekee inaimba, vumbi la alumini linaniingia kifuani, na mimi naimba. Nikakunja ukingo. Nikapuliza. Nikaleta mota ije ikae kwenye kiti chake kipya, bolti mbili zikaingia kama mlevi nyumbani kwake, mbili zikagoma.

Nikaizungusha mota. Nikaibembeleza. Nikaitukana na mama yake. Ndipo kikanipanda kichwani kwamba bamba nililigeuza, kwa hiyo nimetoboa kinyume, sawasawa na kumpimia mtu kiatu cha kulia kwa mguu wa kushoto. Najua unasema si ungeligeuza na hilo jipya? Ningeligeuza Shangazi, kama kiherehere changu kisingekuwa kimeshakunja ukingo. Likigeuzwa, ukingo unagonga meza.

Mtu mwenye busara angesimama hapo akaenda kutafuta kipande kingine. Lakini nilishasema hapohapo. Nikachukua tupa ya mviringo nikayavuta yale matundu mawili kuelekea kule mota inakotaka, nikasugua, nikasugua, mpaka tundu bovu na tundu zuri yakaungana kama njugu mbili kwenye ganda moja, nikapitisha bolti, nikaweka washa pana za kufichia aibu, pengo nikalishindilia gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, halafu juu nikapaka rangi ya fedha. Shangazi, lilipendeza! Ungeliona ungelitia kwenye fremu. Mama mkwe alilipapasa kama kitambaa cha bei mbaya, akamgeukia binti yake, akasema, "Kumbe mwanangu hukuokota galasa, umelamba turufu." Siku ile nilikula kwake nimenyoosha mgongo mpaka nikashindwa kuifikia mboga.

Furaha ya mwizi haichukui wiki. Cherehani ikikanyagwa taratibu inatulia, ila ikikanyagwa ya haraka, mota inatembea. Ile gundi ilisharudi kuwa unga, bolti inacheza ngoma ndani ya njugu zake, mkanda unalegea na kushtuka, meza inatetemeka, kitambaa kinahama chini ya sindano, na mshono unakwenda kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mteja wa kwanza akarudi na sketi yake mkononi. "Mama," akasema, "hii sketi inakwenda kushoto na mimi nakwenda kulia, tutafika lini?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nasubiri mama aseme ni cherehani, nishtuke, nijifanye naichungulia, niitengeneze, niwe shujaa mara ya pili. Hakusema ni cherehani. Aliivua futi shingoni, akakaa, akautazama ule mshono kwa muda mrefu, akasema, "Ni macho yangu, mwanangu. Uzee umepiga hodi." Shangazi, mdomo wangu ulifunguka, nakuapia ulifunguka, lakini kilichotoka humo ni "Pole mama."

Tangu hapo ni vituko. Ametoa sandukuni miwani ya marehemu baba mkwe, ambaye kwa ninavyosikia alikuwa haoni hata deni, na ameivaa ashonee. Sasa mota inatembea, macho yanaelea, na mishono imekuwa ramani. Majuzi nimeingia namkuta anaikaribisha ile sanamu ya kuvalishia nguo, "Karibu ukae, mbona umesimama mlangoni kama mgeni?" Na mimi nilikuwa nyuma ya sanamu, nikaitikia, "Asante mama." Ningefanyaje?

Kila siku nakwenda eti kusalimia, spana nimeificha ndani ya soksi, nikifika naingia chini ya meza kukaza zile bolti. Siku moja akanikamata nimepiga magoti. "Unatafuta nini huko, baba?" Nikasema kifungo, kimedondoka. Akanivua shati palepale akanishonea kifungo. Kesho yake akaniuliza tena, nikasema kifungo tena, maana uongo nao nina mmoja tu. Sasa hivi shati langu lina vifungo vingi kuliko matundu, na mama mkwe anawaambia majirani kwamba mkwe wake ana heshima, kila akija anapiga magoti.

Siku mama alipokwenda sokoni nililifungua bamba nikakimbia nalo kwa mchomeleaji jirani yangu kumwomba ayazibe matundu kwa moto. Akalishika, akalitazama, akanitazama mimi. "Chuma ukikichoma kinaona haya, kinakuwa chekundu, unajua uache," akasema. "Alumini haina haya. Inakutazama nyeupe vilevile, halafu ghafla inamwagika miguuni kama uji. Na hata ningeweza, bolti inashika nyama, na wewe nyama yote umeila kwa tupa." Nikamwambia aichukue kazi hivyohivyo. Akaniambia harusi yangu anaitaka, kesi yangu haitaki.

Haya yote nilikuwa nayacheka Shangazi, mimi kucheka ndiyo dawa yangu ya kila ugonjwa, mpaka juzi mama aliponiita. Kitambaa cheupe cha gauni la mwanawe kilikuwa mapajani mwake, amekikunja vizuri, anakipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto. Akakitia kwenye mfuko akanipa. "Mpelekee fundi wa ng'ambo ya barabara," akasema, na huyo wa ng'ambo hawajasalimiana tangu mimi nikiwa na meno ya utoto, "amshonee mwanangu. Mimi nikimshonea nitamwaibisha mbele ya watu. Halafu ukirudi unisaidie kuifunika cherehani. Nimeshona vya kutosha." Wala hakulia. Angalau angelia ningejua pa kushika.

Mfuko sijaupeleka. Nimeutundika kwenye msumari kibandani kwangu, juu ya jiriwa ninayobania vyuma, na kila nikiinua kichwa unanitazama. Mchumba wangu hajui kitu, ananyoa huku machozi yanamtoka kwa ajili ya mama yake, jana mteja ametoka pale na nusu ya ndevu na hakuthubutu kudai nusu nyingine.

Kwa hiyo nina mpango, na ndio ninaokuomba unibariki. Mama anakuamini wewe kuliko hospitali. Wewe sema tu hewani kwamba kuna mama mmoja mshonaji asikate tamaa, macho yake ni mazima, avue miwani. Usitaje bamba. Mimi nitaendelea kukaza na spana yangu mpaka harusi ipite, na baada ya hapo mtu akishaoa atafukuzwa wapi? Maana nikisema kweli leo, atamwambia binti yake kwamba aliokota galasa kweli, na hilo neno Shangazi sitalibeba, bora unibebeshe hiyo mota.

Nijibu upesi.

Wako Hapohapo, mwenye vifungo vingi.

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Hapohapo, nimecheka mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuniuliza naumwa nini. Haya, nimemaliza. Nyoosha mgongo tena, kama siku ile ulipokuwa unakula mboga ya watu.

Kutoboa pasipotakiwa hakujaua mtu. Anayetoboa ndiye anayekosea, asiyekosea hajawahi kushika kekee. Na kulilaza bamba chali ili litulie ni kosa la mtu anayefanya kazi, nakuheshimu hapo. Lakini umemtazama mama wa watu akivua futi shingoni, akavaa miwani ya marehemu, akaikaribisha sanamu ndani, na wewe unaitikia asante! Uliharibu matundu mawili ya alumini, ukaona haitoshi, ukayahamishia kwenye macho ya mama mkwe. Halafu unamwambia pole. Pole ya nini, na kidole kilichomchoma ni chako?

Na hukufikiri hata kidogo? Asiye na macho hauoni mshono uliopinda. Angekuwa haoni, ile sketi angeikunja, angempa mwenyewe, angeimba. Yeye aliuona tangu siku ya kwanza, akautazama kwa muda mrefu, umeniandikia mwenyewe. Katika nyumba ile aliyekuwa anaona ni yeye peke yake.

Mpango wako nimeukataa. Redio si pazia la kujifichia wanaume. Na hiyo spana kwenye soksi itakutoboa mguu, na safari hii utatoboka mahali panapostahili.

Sasa fanya hivi. Nimemuuliza fundi anayetuwekea milingoti ya redio, akasema gundi haiwezi kushika kitu kinachotetemeka, na tundu lililovutwa usilivute tena. Tafuta kipande kingine kinene, na ukikosa kipana, pata hata cha kutosha kulifunika eneo lote la mota, ukibane chini ya hilo bamba bovu, bolti zipate nyama mpya ya kushika, hilo la fedha libaki kuwa mkeka. Ukingo wa hicho kipya ukunje mwisho. Nasema mwisho. Na usipimie bamba la zamani, wala kamba, wala jicho lako. Pimia mota yenyewe.

Hujui namna? Mimi najua, na sijawahi kushika tupa. Azima rangi ya mdomo kwa mchumba wako. Ndiyo, atakuuliza ya nini, na hapo ndipo utakapomweleza yote na yeye, kwa hiyo azima akiwa ameshaweka wembe chini. Ipake kwenye nyayo za mota kuzunguka kila tundu, ikalishe mota mahali pake mkanda ukiwa umenyooka, ikandamize, iinue. Utakuta kipande kipya kimepigwa mabusu manne. Gonga msumari katikati ya kila busu, pitisha kekee nyembamba, ndipo ufuate na nene. Unatoboa palipobusiwa, hutoboi unapodhani. Na wa kuangalia kama mkanda umenyooka asiwe wewe. Awe mama mkwe, bila miwani.

Lakini kabla ya alumini, mdomo. Mfuko wa kitambaa uutoe kwenye huo msumari urudi nao mkononi. Ukifika usianze na "mama, nina jambo", atadhani umeua. Sema hivi: "Mama, macho yako ni mazima. Kibovu ni bamba langu." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu kuliko kuchomelea alumini, lakini nyamaza. Akikutupia kiatu, kiokote umrudishie kwa mikono miwili. Akikuita galasa, itikia. Galasa linalorudi lenyewe mezani ni afadhali kuliko turufu iliyofichwa kwenye soksi. Kisha mfuate mwenye sketi, umwambie ni wewe, ukae uufumue ule mshono kwa vidole vyako hivyohivyo vinene, uzi mmoja mmoja, usimwachie mama.

Na kuanzia leo mteja akikuuliza lini, sema kesho. Kesho nayo ni jibu.

Wasikilizaji, haya yote nilimwambia kwenye simu Jumatatu kama alivyoniomba, na nikamwambia barua yake naisoma hewani Alhamisi. Nikamuuliza atakwenda lini kwa mkwewe. Nadhani mnajua alivyonijibu.

Basi leo ndiyo Alhamisi. Mama mshonaji, shikamoo. Nakohoa kidogo hapa, nasikia umesema pole, nashukuru. Kama kijana alikuja, najua sasa hivi kitambaa cheupe kipo chini ya sindano, mota imetulia, naye amekaa pembeni kwenye kigoda anafumua sketi, mnanicheka mimi. Mwangalie asifumue mpaka pindo.

Na kama hukwenda, Hapohapo, basi mama ameshayasikia yote hapo kwenye redio. Ameshavua miwani, ameinama, anatazama chini ya meza. Anaona vizuri sana huyo. Usihangaike kujificha nyuma ya sanamu.